Platini, Bujii na Neno "Kufungua": Kutafsiri Uwashaji wa Kielektroniki kwa Mafundi wa Lokandu

Makala haya yanaeleza mambo mawili yanayokwenda pamoja. La kwanza ni jinsi gari la mizigo la zamani linalotumia esansi linavyoondolewa platini na kuwekewa uwashaji wa kielektroniki. La pili ni jinsi maelezo ya kazi hiyo yanavyoweza kuandikwa kwa Kiswahili ambacho fundi wa Lokandu atakisoma na kukifuata bila kuunguza kifaa.

Kazi hii niliipewa na mjomba wangu, mwenye garaji huko Lokandu, chini ya mto kutoka Kindu. Mteja wake alikuwa amenunua kifaa cha kielektroniki kwa ajili ya Toyota Land Cruiser ya zamani, ile yenye sanduku la mizigo nyuma na injini ya F ya silinda sita. Karatasi ya maelezo ilikuwa ya Kiingereza kitupu. Mjomba akaniambia: "Mupwa, ni weye unasomaka luga. Uniandikie hii mu Kiswahili, lakini Kiswahili yetu."

Sharti lake la mwisho ndilo lililonifanya niandike makala haya. Kutafsiri kwa Kiswahili cha kamusi kungekuwa rahisi zaidi, na pengine kungeliharibu gari. Gari hilo hubeba mihogo, mawese, wafanyabiashara na mara nyingine mgonjwa. Kifaa kikiungua, Lokandu hakuna duka la kununua kingine.

Niseme mapema kwamba habari hii haihusu malori yote. Malori mengi makubwa yanayopita katika barabara zetu hutumia mazutu, na injini ya mazutu haina cheche. Huibana hewa mpaka ikawa ya moto mkali, kisha mafuta yakipulizwa ndani yanawaka yenyewe. Injini ya esansi ndiyo inayohitaji cheche, na ndiyo tunayoizungumzia hapa.

Platini inavyofanya kazi

Batri ya gari hutoa volti 12. Umeme wa kiasi hicho hauwezi kuruka katika nafasi iliyopo kwenye ncha ya bujii, kwa sababu kuruka huko kunahitaji maelfu mengi ya volti. Kazi ya kuukuza hufanywa na bobini. Ndani ya bobini kuna nyaya mbili zilizozungushwa kwenye chuma kimoja, mmoja mnene wenye mizunguko michache, mwingine mwembamba wenye mizunguko mingi sana. Umeme wa batri ukipita katika waya mnene, chuma kinakuwa sumaku. Umeme huo ukikatwa ghafla, sumaku inaanguka, na kuanguka kwake kunazaa katika waya mwembamba umeme wa volti zaidi ya 10,000. Huo ndio unaokwenda kwenye bujii.

Kwa hiyo cheche haizaliwi umeme unapopita bali unapokatika. Naomba msomaji alishike jambo hili, maana tatizo kubwa la tafsiri limekaa hapo.

Anayekata umeme ni platini. Ni midomo miwili midogo ya chuma iliyo ndani ya delko, chombo kinachogawa moto kwa silinda zote. Katikati ya delko kuna mhimili wenye pembe sita, pembe moja kwa kila silinda. Mhimili ukizunguka, kila pembe inausukuma mdomo mmoja wa platini uachane na mwenzake. Pembeni yake kuna kondensa, ambayo hupokea umeme unaotaka kuruka kati ya midomo inapoachana. Kondensa ikifa, midomo inaungua na cheche inakuwa dhaifu.

Tuhesabu kidogo. Injini ya silinda sita inayozunguka mara 3,000 kwa dakika inahitaji cheche 9,000 kwa dakika, yaani 150 kila sekunde. Platini zinaachana na kukutana mara hizo zote, huku kijiti kinachogusana na pembe za mhimili kikiendelea kulika. Kijiti kikilika, nafasi kati ya midomo hupungua, midomo huchelewa kuachana, na cheche huchelewa kufika. Gari linapoteza nguvu, linakula esansi na asubuhi za mvua halitaki kuwaka. Kwa injini ya F nafasi hiyo hupangwa kuwa karibu milimita 0.45, na fundi wetu huipima kwa kibati chembamba au kwa jicho lake la miaka mingi.

Maneno yalikotoka

Kabla ya kutafsiri chochote nilikaa garajini na kuandika majina ya vipande vyote kama mafundi wanavyovitaja. Karibu yote yametoka katika Kifaransa, na kila moja lina historia yake.

Bujii ni *bougie*, neno la Kifaransa la mshumaa. Mshumaa wenyewe uliitwa hivyo kwa jina la mji wa bandari wa Bougie, leo Béjaïa, nchini Algeria, ambako nta ilisafirishwa kwenda Ulaya. Fundi wa Lokandu anaposafisha bujii anatamka jina la mji wa Afrika ya Kaskazini. Mwenzake wa Dar es Salaam anaiita plagi, kwa Kiingereza, neno lenye maana ya kizibo. Chombo ni kimoja, ila Wafaransa walitazama moto wake na Waingereza wakatazama tundu linalozibwa.

Delko inashangaza zaidi. Mwaka 1909 Charles Kettering na Edward Deeds walianzisha kampuni mjini Dayton, Ohio, nchini Marekani, iliyoitwa Dayton Engineering Laboratories Company. Herufi za kwanza za maneno hayo zikafanya Delco. Mfumo wa kuwasha niliouelezea hapo juu ni wa Kettering. Kwa Kifaransa jina la kampuni likageuka kuwa jina la chombo, na Wabelgiji na Wafaransa wakatuletea hilo. Kwa Kiingereza chombo hicho kina jina lingine kabisa, kwa hiyo neno delko halikuwamo popote katika karatasi ya mjomba.

Platini zimeitwa hivyo kwa sababu midomo yake zamani ilipakwa platini, madini ya thamani yasiyoungua upesi. Baadaye viwanda vilianza kutumia tangsteni. Madini yameondoka, jina limebaki.

Maneno haya yaliingia juu ya Kiswahili kilichokuwa kimekwisha kufika. Misafara ya biashara ya pwani ilikileta Maniema katika karne ya 19, na Livingstone alipofika Nyangwe mwaka 1871 alikuta soko kubwa pale. Reli ikaja baadaye: sehemu ya Kindu hadi Kongolo ilijengwa kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na pamoja nayo zikaja karakana, vyuma na majina yake. Kwa hiyo sarufi ya garajini ni ya Kiswahili na nomino zake nyingi ni za Kifaransa. Fundi husema "bujii haitupi moto", na mtu yeyote wa Maniema anaelewa.

Uamuzi wangu wa kwanza ulikuwa kuyaacha majina haya kama yalivyo. Ningeandika "kigawa moto" mahali pa delko, mwanagenzi angeniuliza ni kitu gani.

Tatizo la "kufungua"

Majina hayakunisumbua sana. Vitenzi ndivyo vilivyonisumbua.

Katika vitabu vya fizikia, kwa Kifaransa na kwa Kiingereza, njia ya umeme iliyokatika huitwa "iliyofunguka", na njia iliyoungana huitwa "iliyofungwa". Umeme hupita katika iliyofungwa. Watafsiri wengi wa Kiswahili wamefuata hivyo hivyo.

Sasa tusikilize Kiswahili cha kila siku. Ukifungua bomba, maji yanatoka. Ukifungua redio, sauti inatoka. Ukifungua mlango, watu wanapita. Ukifunga, kinachopita kinakoma. Katika lugha yetu kufungua ni kuruhusu na kufunga ni kuzuia. Lugha ya umeme wa vitabuni imegeuza jambo hilo chini juu.

Kwa platini hatari yake ni ndogo, kwa sababu fundi anaziona. Akisoma "platini zikifunguka" anatazama midomo, anaona imeachana, na kazi inaendelea. Lakini katika kifaa cha kielektroniki hakuna midomo ya kutazama. Kuna kipande cheusi kilichozibwa pande zote. Karatasi ya Kiingereza ilieleza jaribio la kukagua kifaa kwa taa ndogo, ikisema taa itazimika pale ambapo njia ya umeme "imefunguka". Tuseme nimeandika hivyo. Fundi anazungusha injini, anafika mahali panapoitwa pa kufunguka, anatazamia taa iwake kwa sababu kufungua ni kuruhusu, na taa inazimika. Atasema kifaa kimekufa. Atakitoa, na kifaa kizima kitatupwa au kitarudishwa Kindu kwa pikipiki kwa gharama yake.

Niliwauliza wanagenzi wawili wa mjomba, bila kuwaeleza sababu: "Platini ikifunguka, umeme unapita ao haupite?" Mmoja alisema unapita, mwingine akasema haupiti. Wakaanza kubishana, na ubishi huo ulinipa jibu. Neno linalogawa mafundi wawili wa garaji moja halifai kuandikwa kwenye karatasi ya maelezo.

Njia niliyoichagua ni kutumia vitenzi ambavyo mafundi wenyewe wanavitumia wakizungumza juu ya midomo ya platini: kushikana na kuachana. Zikishikana umeme unapita, zikiachana umeme unakatika. Kwa kifaa kipya kisicho na midomo nikaandika tu "umeme unapita" na "umeme unakatika". Sentensi ni ndefu kidogo, lakini hakuna anayeweza kuzisoma kinyume.

Kontakti na masi

Neno la pili la hatari ni kontakti. Huko Kongo kontakti ni ufunguo wa kuwashia gari na hali ya ufunguo huo ukiwa umegeuzwa, kama Wafaransa wanavyosema. Katika Afrika ya Mashariki iliyofuata Kiingereza, mafundi husikika wakiita platini zenyewe kontakti. Mtu akichukua maelezo yaliyoandikwa Nairobi akayasoma Lokandu, "toa kontakti" itamfanya atoe ufunguo na kuacha platini ndani.

Hatari haiishii hapo. Kifaa cha kielektroniki cha aina hii hakipendi ufunguo uachwe umegeuzwa huku injini imesimama. Umeme unaweza kuendelea kupita katika bobini bila kukatwa, bobini inapata joto, na kifaa au bobini inaungua. Onyo hilo lazima lieleweke mara moja. Nikaandika: "Motere ikiwa imesimama, usiache ufunguo kwenye kontakti. Usisikilize redio hivyo. Usilale garini hivyo."

Masi ni chuma cha mwili wa gari kinachorudisha umeme kwenye batri, kutoka *masse* ya Kifaransa. Kwa Kiingereza huitwa kwa neno la ardhi, na mtafsiri asiyeijua garaji angeandika "unganisha na ardhi", na mtu angeshika jembe. Karatasi ilidai kwamba upande hasi wa batri uwe kwenye masi. Katika Toyota hiyo ndiyo kawaida, lakini baadhi ya magari ya zamani ya Uingereza yalitengenezwa upande chanya ukiwa kwenye masi. Kifaa kikiunganishwa kinyume kinakufa mara ile ile, bila moshi na bila kutoa sauti.

Kinachobadilika

Uwashaji wa kielektroniki haubadilishi wazo la Kettering. Bobini ni ile ile, delko ni ile ile, bujii ni zile zile. Kinachobadilika ni anayekata umeme. Mahali pa pembe za mhimili kusukuma midomo, pete yenye sumaku huzunguka pamoja na mhimili. Karibu nayo, bila kuigusa, kuna kifaa kinachoihisi sumaku inapopita. Aina nyingi hutumia jambo lililogunduliwa na Mmarekani Edwin Hall mwaka 1879, kwamba sumaku huupinda umeme unaopita katika kibati chembamba na kuzaa volti ndogo pembeni. Volti hiyo huiambia transista ikate umeme wa bobini. Hakuna kinachogusana, kwa hiyo hakuna kinacholika. Chrysler iliuweka uwashaji wa namna hiyo katika magari yake yote ya Marekani ya mwaka 1973, na viwanda vingine vikafuata.

Mafundi wa Lokandu walikwisha kuupa jina kabla sijafika: "moto ya bila platini". Nimelitumia jina hilo katika kichwa cha karatasi, na "uwashaji wa kielektroniki" likafuata chini yake kwa mtu atakayetaka kuuliza kifaa Kindu au Kisangani.

Karatasi yenyewe, baada ya kuipitia mara kadhaa garajini, ilikuwa hivi:

1. Hakikisha kwanza kwamba upande hasi wa batri ndio ulio kwenye masi. Kama sivyo, simama hapo.
2. Toa waya wa masi kwenye batri.
3. Zungusha motere kwa mkono mpaka alama ya silinda ya kwanza ionekane. Kwenye motere ya F, tazama katika dirisha dogo la gurudumu kubwa la nyuma: goroli ya chuma ni alama ya digrii 7 kabla ya pistoni kufika juu.
4. Toa kifuniko cha delko bila kuchomoa nyaya za bujii. Chora kwa chaki mahali rota inapoelekea.
5. Toa rota, platini na kondensa. Usivitupe.
6. Safisha chuma pale platini ilipokuwa, mpaka king'ae. Funga kifaa kipya hapo. Kifaa kinapata masi kupitia chuma hicho.
7. Vika pete ya sumaku kwenye mhimili mpaka ikae chini kabisa. Pima nafasi kati yake na kifaa kwa kibati cha plastiki kilichokuja nacho. Rudisha rota.
8. Waya mweusi uende upande hasi wa bobini. Waya mwekundu unatakiwa kupata volti 12 kamili: kama kuna rezistansi kabla ya bobini, uunge waya mwekundu kabla ya rezistansi hiyo.
9. Rudisha kifuniko na waya wa batri. Washa. Rekebisha wakati wa cheche kwa taa ya kumulika.

Hatua ya 8 inahitaji maelezo. Katika magari mengi ya zamani bobini hulindwa na rezistansi. Bobini ya omu 1.5 ikiwekewa rezistansi ya omu 1.5, jumla ni omu 3, na kwa volti 12 hupita ampea 4. Fundi akiiondoa rezistansi ili kifaa kipate volti kamili na kuiacha bobini ile ile, zitapita ampea 8, na si kila kifaa kinastahimili hizo. Ndiyo sababu waya mwekundu hutangulia rezistansi, na rezistansi hubaki kuilinda bobini.

Msomaji ataona kwamba nimeweka ukaguzi wa masi mwanzo, ingawa karatasi ya Kiingereza iliuweka ndani ya sentensi ya nyaya: unganisha waya huu, baada ya kuhakikisha lile. Garajini karatasi haisomwi kimya. Mmoja anaisoma kwa sauti, mwingine mikono yake imo ndani ya motere, na mikono inafuata neno la kwanza linalosikika. Sentensi inayoanza na "unganisha" itakuwa imekwisha kutekelezwa kabla msomaji hajafika kwenye "baada ya". Kwa hiyo kila sharti nimelitanguliza mbele ya tendo lake.

Je, inafaa?

Mjomba aliniuliza swali ambalo karatasi haikulijibu: kwa nini aondoe kitu anachoweza kukitengeneza kwa kipande cha msasa akaweka kitu asichoweza kukifungua? Swali ni la haki. Platini ikiungua katikati ya njia, shofere huipitisha msasa, akapanga nafasi na kuendelea. Kifaa cha kielektroniki kikifa, kimekufa. Kwa upande mwingine, kikifungwa vizuri hakihitaji kupangwa kila mara, cheche yake haichelewi kwa kulika, na mhimili wa delko uliolegea kwa uzee haukisumbui kama unavyozisumbua platini.

Jibu tulilokubaliana tuliliandika kama mstari wa mwisho wa karatasi: "Platini na kondensa nzima zikae katika mfuko wa plastiki ndani ya gari, pamoja na bisibisi na msasa." Delko haikukatwa wala kutobolewa, kwa hiyo kurudisha platini barabarani ni kazi ambayo shofere yeyote wa zamani anaiweza. Na kifuniko, rota, nyaya na bujii bado vinahitaji kukaguliwa kama zamani, maana unyevu wa msitu hauchagui aina ya uwashaji.

Kwa wenzangu wa fakulteti

Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa zinazotajwa na katiba yetu ya mwaka 2006, lakini paneli za jua, pampu za maji na simu zinatufikia na karatasi za Kifaransa, Kiingereza au Kichina. Watu watazifunga hata bila tafsiri, na wengine wataziunguza. Kazi hiyo ya kutafsiri ni yetu, na kutoka Lokandu nimepata mapendekezo matatu ya kuanzia.

Tuyakusanye majina ya garajini kabla ya kubuni mapya, na mbele ya kila jina tuandike mahali linapotumika, ili kontakti ya Kindu isichanganywe na ya Nairobi. Tuvijaribu vitenzi kwa watu wawili au zaidi, na kitenzi chochote kinachowafanya wabishane tukiache. Na tafsiri ya maelezo ya kazi isomwe kwa sauti mbele ya mtu mwenye kazi mikononi kabla haijapigwa chapa. Orodha yangu ya garaji ina maneno 64 mpaka sasa. Iko tayari kwa mwanafunzi yeyote atakayetaka kuiendeleza, na ningependa kuona ya waendesha mitumbwi ya injini wa Lualaba ikiwekwa kando yake.